Umekuja na Nani?

Swali la kwanza nililoulizwa siku nilipoanza uanagenzi wa ukunga jijini Nairobi halikuhusu vyeti vyangu wala miaka niliyofanya kazi. Mkunga msimamizi wa wodi, mama wa makamo ambaye wanafunzi wote tulimwita Sista, alilitupia jicho begi nililokuwa nimeliegemeza ukutani, kisha akaniuliza, "Umekuja na nani?" Nilidhani anachunguza mambo yasiyomhusu, nikamjibu kwa mkato kwamba nimekuja peke yangu. Hakuongeza neno. Alinionyesha kabati la kuwekea nguo, akanipa aproni, na jioni kabla sijaondoka alinikabidhi kikaratasi chenye nambari ya simu ya mama mmoja wa mtaa wa Umoja aliyekuwa na chumba cha kupangisha. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba swali lile halikuwa la kujuliana hali tu, na kwamba ndilo alilomwuliza kila mja mzito aliyepita mlangoni pake, hata kabla ya kumpima presha.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu. Nilisomea uuguzi Mombasa na nikafanya kazi huko miaka minne katika wodi ya watu wazima, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye uzazi tangu nilipokuwa mwanafunzi, kwa hiyo nafasi ya kujifunza ukunga ilipopatikana Nairobi sikuiacha. Nilipanda treni Miritini, katika ile reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, na baada ya safari ya takriban kilomita 480 nikashuka Syokimau usiku mmoja wa mwanzo wa Julai nikiwa nimevaa buibui jepesi na viatu vya wazi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai ni mwezi wake wa baridi. Hayo nilikuwa nimeyasoma shuleni, ila mwili wangu haukuwa umeyasoma. Kituo nilichopangiwa kilikuwa cha umma, upande wa Eastlands, chenye wodi ndogo ya leba na vitanda vichache vya waliokwisha kujifungua. Tangu tarehe 1 Juni 2013, serikali ilipoondoa ada ya kujifungua katika vituo vya umma, kina mama wengi wa mitaani ambao zamani wangezalia nyumbani walianza kuja katika vituo kama chetu, na usiku mwingine walikuwa wengi kuliko vitanda.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dirisha. Huko nilikotoka, chumba cha uzazi kilichofungwa madirisha ni tanuri. Mtu wa kwanza kuingia zamu huyafungua ili upepo wa bahari upite, wala hakuna anayefikiri kwamba upepo huo unaweza kumdhuru mtoto. Usiku wangu wa tatu nililifungua dirisha la leba kwa sababu mama aliyekaribia kujifungua alikuwa akitokwa na jasho jingi. Sista aliingia, akalifunga bila kusema kitu, akawasha hita, akaning'iniza taulo mbili karibu nayo, na mtoto alipokwisha kuzaliwa ndipo aliponifundisha. Mtoto hutoka katika joto la mwili wa mama, yapata nyuzi 37, akiwa amelowa kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, na maji yale yanapokauka juu ya ngozi huondoka na joto lake. Shirika la Afya Duniani hupendekeza chumba cha kujifungulia kiwe na joto lisilopungua nyuzi 25. Mombasa joto hilo hulitafuti, liko tu. Nairobi usiku wa Julai nje huweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12, na joto la chumba lazima mtu alitengeneze kwa makusudi.

Basi nilijifunza kumpokea mtoto upya: kumpangusa kwa taulo lililopashwa moto, mgongo, kichwa na makwapa, kulitupa kando taulo lililolowa lisimguse tena, kumlaza kifuani pa mamake ngozi kwa ngozi, kumvisha kofia, na kuwafunika wote wawili kwa taulo la pili. Kitovu hakikatwi papo hapo. Husubiriwa dakika moja hadi tatu ili damu iliyobaki kwenye kondo imfikie mtoto, na dakika hizo mtoto huzipitisha kifuani pa mama, si kwenye meza ya chuma. Yule wa usiku ule tulimpima baada ya saa moja, kipimajoto kikasoma 36.7. Angekuwa chini ya 36.5 tungesema ameshikwa na baridi. Mpaka leo nikiingia zamu, mkono wangu hugusa kitasa cha dirisha kabla haujagusa glavu.

Mikono nayo ilibidi ianze upya. Mlango wa uzazi hupimwa kwa vidole viwili, na upana wake hutajwa kwa sentimita hadi 10, unapokuwa umefunguka wote. Lakini vidole havina alama za rula. Sista alikuwa na kadibodi ngumu ya katoni ya dripu aliyoitoboa matundu ya ukubwa mbalimbali, kila tundu likiwa na namba yake upande wa nyuma. Nilikuwa nikifumba macho, nikaingiza vidole, nikavitanua mpaka viguse kingo za tundu, kisha nikataja. Nikisema 6, yeye hugeuza kadibodi: 4. Nikisema 7, kumbe ni 8. Tulifanya hivyo kila asubuhi chai ikipoa mezani, na wiki ya pili nilikaribia kukata tamaa, kwa maana nilikuwa muuguzi wa miaka minne nisiyeweza kupima tundu la karatasi. Hakunionea huruma, na sasa nashukuru. Kosa la sentimita mbili si dogo. Kwa mwongozo wa sasa, uchungu wenyewe hasa huhesabiwa kuanza mlango unapofika sentimita 5. Mama aliye 4 akiandikwa 6, saa chache baadaye chati itaonyesha kwamba amekwama, na atatundikiwa dawa ya kuharakisha uchungu asiyoihitaji, au atakimbizwa kwenye upasuaji kwa sababu ya vidole vya mtu mwingine.

Masikio yalikuwa afadhali. Mwezi wa kwanza Sista alinikataza mashine ya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto, akanipa pembe, ile iitwayo kwa jina la daktari Mfaransa Adolphe Pinard aliyeitengeneza mwishoni mwa karne ya 19. Unalipapasa tumbo mpaka uujue mgongo wa mtoto uko upande gani, unaisimamisha pembe hapo, unaliweka sikio, kisha unaiachia mkono. Mkono mmoja hushika kifundo cha mkono wa mama kuhisi mapigo yake, usije ukahesabu moyo wa mama ukadhani ni wa mtoto. Mara ya kwanza nilipoyasikia ilikuwa Ijumaa usiku, kanisa la jirani likiwa kwenye kesha na vipaza sauti vyake vikitikisa vioo, na chini ya kelele hizo zote nikasikia mwendo mwepesi na wa haraka, kama kwato za punda katika vichochoro vya kwetu asubuhi na mapema. Nilihesabu dakika nzima: 138. Kawaida ni 110 hadi 160. Niliendelea kuinama pale ingawa nilikuwa nimemaliza kuhesabu, mpaka mama mwenyewe akaniuliza kama kuna tatizo, nikamwambia hakuna, mtoto wako mzima, njoo na wewe umsikie kwa mdomo wangu. Nikawa nampigia mwendo ule kwa kidole juu ya mkono wake.

Kiswahili ndicho nilichodhani hakitanisumbua. Nilimwuliza mama mmoja kama chupa imepasuka, kama tunavyosema pwani, akanitazama kwa hofu, kwa kuwa alifikiri ninamdai chupa fulani aliyotakiwa kuja nayo. Nairobi wanasema maji yamemwagika. Nikimwita aliyejifungua "mzazi", wengine walidhani ninawataja baba na mama zao. Hayo yalirekebishika haraka, lakini lipo neno moja ambalo ninalifundisha sasa kwa kila mwanafunzi anayenifuata, nalo ni "nataka kwenda choo". Mama huyasema hayo kwa sauti ya chini, kwa aibu, kana kwamba anaomba radhi. Wa kwanza kuniambia alikuwa na mimba ya tatu, nami nikamwelekeza msala ulipo. Sista alimdaka mlangoni na kumrudisha kitandani, na dakika sita baadaye mtoto alikuwa amezaliwa. Kichwa kikishuka chini kabisa hubana njia ya haja, na mama huhisi kama anayetaka choo kikubwa. Asikilizwe na atazamwe kwanza, ndipo aruhusiwe kuinuka.

Sasa nirudi kwenye lile swali. Kwetu Lamu mwanamke haendi kujifungua peke yake. Huandamana na mamake, shangazi zake, somo wake (yule mwanamke aliyemfunda), na jirani mmoja ambaye hakualikwa. Akirudi nyumbani hukandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga mpaka arubaini iishe. Nilipofanya kazi Mombasa niliona jamaa hao kama msongamano unaotuzuia kufanya kazi, na ninakiri kwamba niliwahi kuwafukuza kwenye korido kwa ukali. Eastlands hapakuwa na wa kumfukuza. Waliokuja kwetu walikuwa watu wa Siaya, Kakamega, Kitui, Murang'a na Garissa, ambao mama zao wako huko huko. Mume ni mlinzi wa usiku Industrial Area na simu yake imezimwa, au yuko safarini, au hayuko kabisa. Mama hushuka kwenye bodaboda saa nane za usiku akiwa na beseni lenye pamba, sabuni na leso mbili. Waluo wana jina la mkunga wa jadi, nyamrerwa, na mama mmoja wa Siaya aliniambia kwamba nyamrerwa wa kwao alikuwa akihamia nyumbani kwa mzazi kwa siku kadhaa. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda akisema hayo, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Mwezi wa tatu wa uanagenzi wangu alikuja msichana wa miaka kama 20, mimba ya kwanza, peke yake, usiku. Nilimwuliza, "Mume wako yuko wapi?" Akajibu, "Yuko njiani." Nikaandika. Uchungu ulikwenda vizuri, alijifungua salama mtoto wa kiume, damu haikuzidi, na alipotimiza saa 24 presha ilikuwa 130 kwa 84, nikamruhusu. Nilimpa maelezo yote kwa ule mwendo wa haraka ambao mtu huusomea orodha anayoijua kwa moyo: kutokwa na damu, homa, kichwa kuuma sana, kuona ukungu. Nikamalizia kwa kumwambia awaombe wa nyumbani wamwangalie. Alitikisa kichwa kukubali.

Siku ya nne aliletwa na mwanamke anayeuza mboga kwenye lango la ploti anayoishi. Mama mboga huyo alikuwa ameona mlango haufunguliwi tangu asubuhi na kusikia mtoto akilia bila kunyamazishwa, akaita watu, wakausukuma. Msichana alikuwa ameumwa kichwa siku mbili, akiona vimulimuli mbele ya macho, uso umevimba. Presha ilikuwa 170 kwa 110. Kifafa cha mimba wengi hudhani huisha mtoto akishatoka; hapana, huweza kumjia mama hata ndani ya wiki sita baada ya kujifungua. Tulimchoma magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege, tukampa dawa ya kuteremsha presha, na ambulensi ikampeleka hospitali kubwa. Alipona, na mtoto hakupatwa na neno. Lakini mume hakuwa njiani. Alikuwa ameondoka mimba ikiwa na miezi mitano.

Sista hakunigombeza. Alilitoa faili la usiku ule, akaniweka mbele yake, akaniambia nisome kwa sauti niliyoyaandika kwenye nafasi ya jamaa wa karibu. Nikasoma: "Mume." Akaniuliza ninamjua kwa jina, nina nambari yake, nilimwona? Kisha akaniambia maneno ambayo niliyaandika usiku ule ule nisiyasahau: "Mwanangu, ukimwuliza mwanamke mume wako yuko wapi, umeshamwambia jibu unalolitaka. Mwulize umekuja na nani. Hapo anaweza kusema nimekuja na bodaboda, au na jirani, au sikuja na mtu, na hakuna jibu la aibu hapo." Nilikumbuka siku yangu ya kwanza, begi ukutani, na jinsi nilivyomjibu kwa mkato mtu aliyekuwa anataka tu kujua nitalala wapi.

Tangu hapo ninauliza kama yeye, na jibu likiwa "sikuja na mtu" ndipo kazi inapoanza. Nani atalala karibu nawe siku tatu za kwanza? Nani akiona mlango wako haujafunguliwa atagonga? Ukihitaji damu, nani tumpigie aje kutoa? Ni maswali ya kitabibu sawa na kupima joto, na yanahitaji muda. Ukiyauliza huku umeshika kitasa cha mlango utajibiwa uongo wa heshima. Nilifurahi sana nilipokuja kugundua kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, lilisema kila mama awe na mwenzi anayemchagua mwenyewe wakati wa uchungu, na kwamba chati mpya ya kufuatilia uchungu iliyotolewa mwaka 2020, katika sehemu ya kumtegemeza mama, inaanza na swali hilo hilo: je, ana mwenzi? Patografu, ile chati ya zamani niliyoizoea, ilikuwa na mahali pa mapigo ya moyo, mikazo, mkojo na dawa. Mahali pa mtu hapakuwepo.

Mwenzi huyo ninamfundisha pia. Katika wodi tuna vitu vya kutusaidia: oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, vipimo 10 huchomwa dakika ya kwanza baada ya mtoto kutoka, na damu hukusanywa ipimwe, kwa sababu jicho hukadiria pungufu, na inapofika mililita 500 ni hatari. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kuipima damu kwa plastiki yenye mistari iliyotandikwa chini ya mama, na kutoa matibabu yote kwa pamoja mara dalili inapoonekana badala ya kujaribu moja baada ya jingine, kulipunguza utokaji mbaya wa damu kwa asilimia 60. Mimi nadhani kila mkunga nchini anapaswa kuwa na plastiki hiyo mkononi. Lakini nyumbani, kwenye chumba kimoja, haipo. Kuna jirani tu. Kwa hiyo jirani namwambia wazi kwamba pedi ikilowa chepechepe kabla saa moja haijaisha asingoje kukuche, kwamba kichwa kinachouma na macho yenye ukungu si uchovu wa kuzaa, na kwamba mama asikae zaidi ya siku ya tatu kabla ya kuonekana na mhudumu.

Julai iliyofuata, uanagenzi ukiwa ukingoni, alishuka mama mmoja kwenye bodaboda saa tisa za usiku, baridi imeshika. Nilifunga dirisha, nikawasha hita, nikamwuliza amekuja na nani. "Na huyo wa boda, na ameshaenda." Nikamwuliza huko kwenye ploti nani angemgongea asipoonekana asubuhi. Mkazo ulimjia, tukaungoja upite, naye akasema kuna mama wa mlango wa 6 ambaye huazimana naye jiko. Nikapiga simu. Mama yule alifika kwa miguu na mwanawe wa kiume aliyemsindikiza, sweta juu ya gauni la kulalia, mkononi thamosi ya uji. Hakuuliza la kufanya. Alivua viatu, akaosha mikono nilipomwonyesha, akasimama nyuma ya mwenzake na kuanza kumkanda kiuno kwa kiganja, akimwambia kwa Kikamba maneno nisiyoyaelewa.

Mtoto alizaliwa saa kumi na moja kasorobo, msichana, akalia kabla sijamfikisha kifuani. Nilikuwa nimeyashughulikia mambo ya kondo nilipomwomba mama wa mlango wa 6 aniletee lile taulo la pili. Alilipima kwanza kwa shavu lake kuona kama limepata moto, ndipo akawafunika. Asubuhi, kabla ya kwenda kufungua kibanda chake, aliomba kalamu. Kwenye nafasi ya jamaa wa karibu aliandika kwa herufi kubwa "jirani, mlango wa 6", chini yake nambari yake ya simu, kisha akafikiri kidogo na kuongeza ya mwanawe, iwapo yake ingekuwa imeisha chaji.